Udongo wa Nyuki wa Korongoni

Dar es Salaam, 2 Novemba 1986

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ile homa imeniacha. Goti lako linaendeleaje?

Yule nyuki mweusi mwenye mkanda wa njano, uliyemtia kwenye kiberiti nilipokuwa likizo, tumemlinganisha na wote waliomo kwenye makabati ya wadudu hapa ofisini, tukauliza hadi ng'ambo. Hajulikani. Mkubwa wangu amesema niandike mimi maelezo yake ya kwanza ya kitaalamu, kwa jina langu. Lakini ulikamata dume. Nahitaji na jike, na lazima nikayaone mashimo yao mwenyewe. Hawa hawana mzinga wala malkia. Kila jike huchimba shimo lake na kumwekea mwanawe chakula peke yake.

Nakuja Januari. Hadi hapo, Mama, mtu asiguse ule ukingo wa korongo nyuma ya nyumba. Ndipo mahali pekee tunapojua wapo.

Ni mimi mwanao,
Eufrasia

Kharumwa, 20 Novemba 1986

Mwanangu Eufrasia,

Marahaba. Goti linauma lakini linatembea. Mvua imeanza.

Nyuki asiye na asali mnamtafutia nini, sijui. Ila uliposema kila jike na shimo lake na mwanawe, nikasema basi huyu namfahamu, ndiye mimi tangu baba yako atutoke. Majike matatu uliyoomba nakutumia, nimeyafunga kwa pamba.

Sasa sikia. Wakichimba wanatoa udongo mweupe, laini kama unga. Niliuzoa ungo mzima nikapaka mstari kuzunguka mlango, maana Krismasi inakuja na udongo wa kupakia siku hizi tunaufuata mbali. Juzi Bujiku, mtoto wa baba yako mdogo, alikuja kula. Jua likapiga mlangoni, mstari ukametameta. Akaacha ugali, akakwangua kwa ukucha, akatia mate, akaangalia. Unajua anachimba dhahabu. Akaniuliza, "Mama mkubwa, udongo huu umeuchota wapi?" Nikamwambia ardhini, ulitaka niuchote mbinguni? Hakucheka, wala ugali hakuumaliza. Sijapenda.

Mama yako,
Philomena

Dar es Salaam, 5 Desemba 1986

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Barua yako nimeisoma nimesimama. Majike mawili yalivunjika njiani, moja limefika zima. Asante.

Nakuomba usimwonyeshe Bujiku. Wakiuchimba ule ukingo, watoto wa nyuki waliomo ndani watakufa wote, na huyu ninayetaka kumtambulisha nitakuwa namwandikia tanzia. Najua ninachokuomba. Bujiku ni damu yetu, na paa lako linavuja. Nisamehe.

Mwanao,
Eufrasia

Kharumwa, 22 Desemba 1986

Eufrasia,

Marahaba. Mimi mzima.

Barua yako imefika juzi, Bujiku na wenzake walikuja wiki iliyopita. Wanaume saba na karai. Walikwangua mlango wangu, wakauosha ule udongo kwa maji yangu ya kunywa, na dhahabu kidogo ikabaki chini ya karai. Bujiku akasema, "Mama mkubwa, tuonyeshe, la sivyo tutachimba kote." Kote maana yake hata korongoni.

Nikawapeleka kwenye shamba langu la mihogo. Nikasema niliuchota hapa. Nitakwenda kuungama uongo huo. Nusu ya shamba wameshaling'oa na hawajapata kitu, na Bujiku hata salamu ya mwangaluka hanipi. Nimekukasirikia, nakwambia wazi. Mwezi wa tatu sijui nyuki wako atanipikia nini. Lakini ukingo upo. Njoo upesi.

Mama yako,
Philomena

Dar es Salaam, 3 Februari 1987

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nilifika salama, ingawa kwa siku nne. Asante kwa zile siku tatu korongoni, ulivyonishikia mwavuli nikipima mashimo kwa utepe na kutia udongo kwenye vifuko. Goti nalo likakuvumilia.

Nimemaliza. Sikiliza: "Jike: milimita kumi na moja, mweusi, mkanda wa njano tumboni, nywele za miguu ya nyuma ndefu, nyeupe. Shimo: kina cha mkono mmoja, vyumba vinne, kila chumba mtoto mmoja."

Kazi yetu inadai niandike hasa alikopatikana, ili mwingine aweze kwenda kumwona. Nimeandika "Geita", jina la wilaya tu, basi. Mkubwa wangu amenuna, anasema haitoshi. Nimekataa kuongeza neno. Siri haitatoka kwangu.

Mwanao,
Eufrasia

Kharumwa, 24 Februari 1987

Mwanangu,

Marahaba. Goti usiulize.

Ilishatoka. Zile siku tatu Bujiku alikuwa ng'ambo ya korongo akikuangalia. Binti msomi wa Dar es Salaam, ana utepe, anatia udongo kwenye vifuko, anaandika. Wakasema huyo ni mpimaji wa dhahabu wa serikali. Gari lako liliondoka Jumamosi. Jumapili, nikiwa misani, wakauangusha ukingo. Mimi niliwadanganya kwa mdomo, wewe ukawaambia kweli kwa utepe, na mimi ndiye niliyekushikia mwavuli.

Niliporudi nyuki walikuwa wanazunguka hewani, kila mmoja akitafuta mlango wake. Nilikaa chini nikalia, mimi ambaye mihogo sikuililia. Dhahabu wamepata. Bujiku ameniletea bati nane. Zimeegemea ukuta, sijazigusa.

Sasa andika mahali. Andika Kharumwa, korongoni, nyuma ya nyumba ya Philomena, ijulikane walikuwapo.

Halafu kuna hili. Jana, kwenye kipande cha mstari mweupe kilichosalia mlangoni, nimeona tundu, na jike mmoja anatoa udongo. Napita mlango wa uani nisimsumbue. Njoo umwone. Ila safari hii utepe uuache huko huko.

Mama yako,
Philomena