Usingizi wa Zaituni

Dada Zaituni,

Arobaini yako imekwisha kusomwa. Mkeka wako nimeuviringisha na kuuweka juu ya kabati, kwa sababu kila nikipita nilikuwa nikiuruka kana kwamba bado umelala pale. Wajukuu waliniuliza mbona naruka.

Nina habari ambayo ingefaa uisikie wewe kwanza. Wiki iliyopita daktari mgeni hapa Ujiji alinipima macho, nikamsimulia mambo yako. Akasema usingizi wa namna yako una jina lake katika vitabu vyao, wala si malale ya mbung'o. Mwenye nao hutumbukia moja kwa moja ndani ya ndoto, na hofu ya ndoto hizo huwa kali kupita kiasi. Hata magoti kulegea kwa kicheko amekwisha kuyasoma. Nikamwambia hayo tuliyajua Rumonge, kule Urundi, zamani za Wajerumani. Alidhani natania.

Tuliyajua kwa sababu wewe uliyasema nami nikayaandika. Ulikuwa unatwanga chikichi kule Kigwena, jirani na Rumonge, mara mchi unasimama hewani, umekwenda usingizini. Kabla chungu hakijachemka unaamka, unaendelea kutwanga. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa madrasa, nikatenga daftari la kuandikia, kwa herufi za Kiarabu, saa ulizolala na ndoto zako ili nizitafsiri kama tulivyofundishwa: ukiona maji, maana yake hii, ukiona nyoka, ile. Ulinikatiza.

"Acha nilichoona. Andika nilichosikia moyoni. Hofu inakuja kwanza, halafu ndiyo inatafuta nguo ya kuvaa."

Siku moja ilivaa mamba. Siku nyingine ilivaa mwanamume asiye na uso, amekukalia kifuani, huku macho yako yakiwaona wapita njia. Furaha nayo ilikuja hivyohivyo: ulipaa juu ya msitu, ukaamka unatabasamu bila kukumbuka ulikokwenda. Na hasira. Uliwahi kuninunia kutwa nzima kwa kuwa ndotoni nilikuachia mtumbwi, ukazama nao. Nikaapa kwamba sikutoka darasani. "Najua hukufanya," ulisema. "Lakini hasira iko."

Halafu wakaja wapima shingo. Serikali ilikuwa inawatafuta wenye malale kando ya ziwa zima, na aliyekutwa na tezi alipelekwa kambini kuchomwa sindano. Kwa amri yangu ulikaa siku tatu bila kucheka. Tukapanga mstari. Ulikuwa umetoka kukamua mawese, miguu inang'aa mafuta. Msaidizi wa daktari, mtu wa pwani, alikupapasa shingo, hakukuta kitu. "Shingo ya bibi harusi hii," akasema. "Rudi kwako, bibi, nani kakudanganya unaumwa?"

Ukacheka. Ulikuwa umenusurika, na hicho kilikuwa kicheko cha siku tatu. Magoti yakalegea, ukaenda chini.

Ulikuwa macho. Ulisikia kila neno, ila ulimi haukunyanyuka. Nami nikaingiza mkono ndani ya kanzu, nikatoa daftari. Nilitaka waone kwamba hili ni jambo jingine, kwamba nimelichunguza. Karani wao akalisoma kwa sauti: amelala asubuhi, amelala kabla ya adhuhuri, amelala mchi mkononi. Kwenye ndoto hakufika. Hakuhitaji.

Ulitoka kambini baada ya masika mawili. Malale hawakuyaona, na jicho lako la kushoto lilikuwa limezimika kwa dawa. La kulia lilifuata baada ya kuhamia huku. Ulinilaumu mara moja tu, mtumbwini, tulipokuwa tunaiacha Rumonge.

"Ungesema niliteleza tu, mutoto wa mama. Miguu ilikuwa na mafuta."

Nimelirudia neno hilo miaka yote hii. Lilikuwa pale chini, miguuni pako, kila mtu angeliamini. Mimi msomi sikuliona.

Ndotoni uliendelea kuona. Kwa miaka mingi ulichokiona ni mstari ule, na mkono wangu unaingia ndani ya kanzu. Uliamka umeninunia, ukaniomba radhi, ukanuna tena. Nilijifunza kukaa uani mpaka hasira ipite. Sikukuambia kwamba naona ni haki.

Lakini mwaka wako wa mwisho uliamka mchana mmoja, mkono wako ukatafuta wangu. "Leo umesema niliteleza." Nikakuuliza halafu ikawaje. Hukujua. Faraja ilikuja kwanza, ulisema, na haikungoja nguo. Ulikuwa mwepesi mpaka magharibi. Ulicheka, ukaangukia mkeka, tukakuacha hapo ucheke unavyotaka.

Nadhani hapo ndipo tulipopatana, dada, mahali ambapo mimi sikuwapo.

Daktari ameomba daftari. Kurasa za hofu yako na furaha yako nitamnakilia kwa herufi anazozisoma. Zile za saa ulizolala nimezichoma jana jikoni. Zilikuwa kavu, hazikuchukua muda.

Lala sasa bila kuhesabiwa. Na siku nitakapofika huko, nikiulizwa ilikuwaje hata ukaanguka mbele ya watu wote wale, nakuahidi sitatoa kitu ndani ya kanzu. Nitasema uliteleza.

Mdogo wako,
Ramadhani