Saa Mbili ya Mlangoni

Jumatatu, 8 Septemba

Mshauri wa masomo ana dakika saba kwa kila mwanafunzi. Ametazama orodha yangu, akatikisa kichwa: huu mzigo wa punda. Ratiba iwe na uwiano, kasema. Sayansi mbili nzito, moja ya katikati, na somo moja la kupumzisha akili. Na nisithubutu kuahirisha Kemia ya Kaboni — inafundishwa mara moja kwa mwaka, na masomo yote ya mwaka wa tatu yanaitegemea.

Sikumwambia kuhusu Bibi. Ningeanzia wapi? Juzi kafungua gesi, akaenda kutafuta kiberiti, akasahau, akalala. Gesi inatoka, yeye anakoroma! Lazima mtu awepo nyumbani mchana. Basi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeipaka ratiba rangi. Fizikia ya bluu, Takwimu ya kijani, Historia ya Sayansi ya njano — hiyo ndiyo ya kupumzisha akili. Zote asubuhi! Ikabaki maabara ya Kemia. Kwenye mtandao wameandika: tazama mlango wa maabara. Nikaenda kutazama. Karatasi imebandikwa, mwandiko wa mtunza maabara: Alhamisi, saa 2–5.

Asubuhi! Kidogo niubusu ule mlango.

Nimemwambia Mama. Mwaka wa nne huu anafua mashuka ya hoteli shifti ya usiku, na mchana anamlinda Bibi. Kulala kwake ni kusinzia kwenye kiti. Miguu imevimba, viatu havimwingii. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika mchana wangu uko wazi. Nikamwonyesha rangi.

Jumatano, 10 Septemba

Mama amesaini. Shifti ya mchana, saa sita hadi saa mbili usiku, kuanzia Jumatatu. Msimamizi kamwambia hakuna kurudi nyuma, nafasi yake ya usiku imeshapata mtu. Kaoga huku anaimba. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akiimba.

Alhamisi, 11 Septemba

Saa mbili kasorobo niko mlangoni. Koti jeupe, viatu vya kufunika vidole. Kumefungwa. Saa mbili. Saa mbili na nusu. Mfagiaji akanionea huruma, akaniazima kiti. Saa tatu mtunza maabara akaja na kikombe chake cha chai, akanishangaa. Nikamwambia maabara ni saa mbili, umeandika mwenyewe! Akacheka hadi chai ikamwagika. Hizo saa za Kizungu, binti. Ni saa nane mchana.

Saa nane!

Ofisi ilimpa namba, kasema, naye akanakili namba. Kalkuleta, ndivyo tunavyomwita mwenzangu wa meza moja, anadai kila mtu alijua. Kila mtu nani? Mimi saa nilifundishwa na Bibi: mshale mfupi ukiwa kwenye nane, wewe sema mbili. Saa ya ukutani naigeuza tangu nina miaka sita. Lakini karatasi! Nani hugeuza karatasi?

Saa nane nilirudi, nikafanya zoezi, maana wiki hii Mama bado yuko nyumbani mchana. Alhamisi ijayo je?

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya mwisho ya kubadilisha masomo. Foleni hadi kwenye ngazi. Dakika zangu saba tena. Kundi jingine la maabara? Hakuna: meza nane, wanafunzi kumi na sita. Kuiacha Kemia? Ni kuuacha mwaka. Halafu mshauri kaishika ratiba yangu ya rangi, akaisifu: hii sasa ina uwiano mzuri sana.

Nikamshukuru. Nikamshukuru! Mjinga mimi.

Mama bado hajui. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatano, 17 Septemba

Usiku wa pili Mama analala kitandani. Asubuhi viatu vimemwingia, akanionyesha kama mtoto mwenye viatu vipya. Nilitaka nimwambie. Nikavisifia viatu.

Nimemwomba jirani, fundi cherehani, akae na Bibi kesho. Kakubali: saa saba na nusu atakuwa hapa. Bibi kasikia, kachukia. Kwani yeye benki, anahitaji mlinzi?

Alhamisi, 18 Septemba

Saa saba na nusu — hakuna mtu. Saa nane kasoro dakika ishirini fundi akapiga simu: kuna mteja gauni halimwingii, atachelewa kidogo. Kidogo ya fundi cherehani! Bibi akanisukuma mgongoni. Nenda, mimi si mtoto.

Nimefunga gesi kwenye mtungi. Nimebeba kiberiti. Nimefunga mlango kwa nje, asije akatoka akapotea. Nikakimbia.

Sasa ni saa tisa na robo. Naandika nyuma ya daftari la maabara, maana chupa yangu inatakiwa ichemke taratibu dakika arobaini na hairuhusiwi kuiacha. Mtunza maabara katangaza: anayetoka kabla ya kumaliza, hana alama za leo. Kalkuleta ananiuliza naandika nini. Nimemwambia vipimo vya joto.

Simu zimo kwenye mabegi, mabegi yamo kwenye kabati kule nyuma. Kuna simu inanguruma mle ndani. Imenyamaza. Imeanza tena. Tuko kumi na sita, inaweza kuwa ya yeyote. Hakuna aliyegeuka.

Labda ni fundi, kafika. Bora awe ni fundi.

Lakini ufunguo ninao mimi, mfukoni mwa koti, na wa pili anao Mama kazini. Fundi akifika ataingilia wapi? Hilo sikuliwaza. Nimewaza gesi, nimewaza kiberiti, hilo sikuliwaza!

Zimebaki dakika kumi na tisa. Inanguruma tena.