Nyundo ya Bibi Dumo

Baba,

Mahindi yameota. Mama alipanda ule upande wa juu wa shamba peke yake, akakataa kusaidiwa, mimi na kaka Okoth tukakaa pembeni kama wageni. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza.

La pili ungeuliza nyundo iko wapi. Imerudi, Baba. Ngoja nikueleze ilivyorudi, maana uliondoka bila kutuambia ilikokuwa.

Unakumbuka Jumapili zetu? Tukitoka kanisani, Mama anaingia jikoni kupika chai, wewe unakaa barazani na miguu yako kwenye karai la maji ya moto, matope ya mashimo ya dhahabu ya Tiira yakitoka taratibu kwenye kucha. Hapo ndipo Vibeti walipokuja. Ulituambia wanaishi ndani ya Mwamba wa Tororo: watu wafupi, wenye ndevu za kusuka, na wanawake wenye sauti nzito kuliko waume zao. Nyumba zao zimechongwa kwenye jiwe, na taa zao zinawaka kwa mafuta ya kumbikumbi. Mimi nilisadiki kila neno. Tulipokwenda Tororo kwa shangazi nilibandika uso kwenye kioo cha gari, nikiutazama ule mwamba na kutafuta mlango.

Na kitu chao kitakatifu kuliko vyote kilikuwa nyundo. Nyundo ya Bibi Dumo, bibi wa Vibeti wote. Jiwe liliporomoka likawafungia watoto wake upande wa pili, naye akachimba hadi nywele zake zikawa nyeupe. Siku alipotoboa na kuwaona, aliiweka nyundo chini akaiambia, "Pumzika. Tumefika." Tangu siku hiyo haikupiga kitu tena. Vibeti huitoa tu siku ya kumpa mtoto jina, siku ya arusi na siku ya kuzika. Hutoka ikipita mkono kwa mkono, na kila mmoja huishika mpaka ipate joto lake, kwa sababu nyundo ya Bibi Dumo hairuhusiwi kupoa mbele ya watu.

"Hii chuma haiko ya kupiga, mama," uliniambia siku ulipotuletea ya kwetu. "Kazi yake iliisha."

Uliitengeneza mwenyewe. Kichwa kilikuwa cha nyundo kuukuu ya kazini, mpini wa mvule ukauchonga mistari ya ndevu zilizosukwa. Tuliifunga kwenye lesu ya Mama iliyochakaa. Okoth akaitumia kwa kila jambo. Jogoo wetu alipokufa alitupanga mstari, mimi, yeye na watoto wa jirani, tukapokezana nyundo na nyuso za huzuni, mpaka Mama akatoka jikoni na kusema jogoo yule si mfalme wa Tororo, atupwe haraka kabla hajanuka. Ulicheka mpaka maji ya karai yakamwagika. Nakusikia hata sasa unavyocheka, Baba, kicheko kinachoanza na kikohozi.

Halafu siku moja nyundo haikuwepo. Nilikuwa nimeanza sekondari. Nilikuuliza, ukasema, "Vibeti wameiomba. Wako na shida huko chini." Mimi nilijiona mkubwa. Nikatabasamu tu, nikaenda zangu.

Sasa sikiliza.

Siku ya kukuzika watu walijaa uani. Baba Mdogo ndiye aliyesimamia kila kitu, unamjua, shati jeupe, sauti juu, hata viti vilimwogopa. Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu. Nikaona watu wanageuka kutazama barabarani. Wachimbaji wa Tiira walikuwa wanakuja. Hawakuja kwa kundi. Walikuja mmoja nyuma ya mwingine, polepole mno, na kila baada ya hatua chache walisimama. Sikuelewa kwa nini wanasimama. Kisha nikaona kitu kinatoka mkono huu kinaingia mkono ule, na aliyekishika anakikumbatia kifuani kabla ya kukipitisha mbele. Niliujua ule mpini hata kutoka mbali.

Walikuwa wameileta hivyo tangu mashimoni, Baba. Njia nzima.

Aliyekuwa mbele ni Wafula, yule mrefu uliyechimba naye miaka yote. Baba Mdogo alimzuia kwenye lango.

"Hii ni msiba ya Mkristo," alisema. "Mambo ya mizimu, rudisha huko mlikotoa."

Wafula hakupandisha sauti. "Mzee, hii haiko ya mizimu. Iko ya Owor, huyu sisi nazika leo." Akatugeukia sisi, familia, akaeleza. Shimo lilipobomoka likamfunika kijana mmoja, wenzake walikataa kushuka tena. Walifika asubuhi, wakaketi juu, wakalitazama shimo. Ndipo ukaja na nyundo kwenye lesu, ukawasimulia habari za Bibi Dumo, wanaume wazima, na wakasikiliza. Tangu hapo hakuna aliyeshuka kabla nyundo haijapita kwa wote.

"Mutu akiwa mkono yake natetemeka, hiyo siku nakaa na nyundo sana," Wafula alisema. "Hakuna mutu nacheka. Sisi nangoja yeye."

Nililia hapo, Baba. Kwenye jeneza nilikuwa sijalia. Miaka yote nilidhani Vibeti walikuwa wetu, wa barazani. Kumbe uliposema wana shida huko chini ulikuwa unaniambia kweli tupu.

Baba Mdogo bado alisimama langoni. Ndipo Mama akainuka kutoka kwenye mkeka. Mama, ambaye siku zote alikuwa jikoni wakati wa hadithi, ambaye nilidhani hakuzisikia. Aliwapita wanawake wenzake, akampita shemeji yake bila kumwangalia, akapokea nyundo kwa mikono miwili. Akaiweka shavuni. Alikaa nayo hivyo mpaka ikapata joto lake. Kisha akaja akaiweka juu ya jeneza, pale kifuani pako, akasema, "Pumzika, Baba Athieno. Umefika."

Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua tena alisema "Amina," tukaendelea na ibada.

Na nikuambie la Baba Mdogo, kwa sababu ungependa kulijua. Tulipokwisha kukufukia alimfuata Wafula, aliyekuwa ameiondoa nyundo kabla hatujakushusha, akanyoosha mkono. Akapewa. Aliishika kwa muda mrefu, shati lake jeupe likapata kutu na udongo, na hakujipangusa.

Baadaye tulibishana kidogo. Okoth alitaka nyundo ibaki nyumbani, iwe kumbukumbu yako. Wafula alisema watu wake hawatashuka bila nyundo. Mama ndiye aliyeamua: Jumamosi jioni inakuja nyumbani Buteba, Jumatatu alfajiri Wafula anapita kuichukua. Leo ni Jumapili, iko mezani mbele yangu ninapoandika. Wafula akija hukaa kidogo, hunywa chai, hunisimulia hadithi za Vibeti ulizowapa wao ukatunyima sisi. Ile ya arusi ya chini ya mto sikuwahi kuisikia! Niliona wivu, sikufichi. Kisha nikamwambia airudie.

Nimekukosa, Baba. Asubuhi nikivuka mpaka kwenda kazini Busia, upande wa Kenya, hukutana na wanaume wenye matope kwenye buti, na kila mara moyo unaruka kabla sijaona kwamba si wewe.

Kwaheri, Baba yangu. Mke wa Okoth ni mjamzito, na mtoto huyo atawajua Vibeti wote, wa barazani na wa shimoni. Hilo naahidi. Na Mama hatabaki peke yake. Nimeshazungumza na mwenye duka ninakoshonea, amekubali nichukue kazi nikashonee nyumbani. Cherehani inakuja wiki hii. Nitaiweka chumba cha mbele, karibu na dirisha, ili Mama akiwa shambani asikie kwamba kuna mtu ndani.

Binti yako,
Athieno