Mama Anaamini Mabawa Yangu ya Piko Ni Alama ya Jini

Mpendwa Bi Khairiya, shikamoo, na uniwie radhi kwa kukuletea jambo ambalo pengine utalicheka, lakini sina mwingine wa kumwambia na Alhamisi inakaribia. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, nyumbani ni Wiyoni hapa Lamu, na wanaonijua wakiulizwa watakwambia mimi ni mpole, nami najua wakisema mpole wanamaanisha kwamba sisemi.

Mimi na rafiki yangu Zamzam tunapenda anime, zile katuni za Kijapani, tunaziangalia kwenye simu ya kaka yake, maneno ya Kiingereza yanapita chini na mimi namsomea Zamzam kwa Kiswahili kwa sababu yeye huchelewa kuyafuata, na nikimsomea sauti yangu hutoka vizuri kabisa hata yeye hunitania, "Mbona maneno ya wengine wayasema na haya huna?" Tunaowapenda zaidi ni wale vijana wa kiume wenye mabawa. Sijui kama umewahi kuwaona. Wana nywele ndefu na kope ndefu, hawafanani na wanaume wa mtaani wala hawafanani na wanawake, na mabawa yao yana maana yake, mwenye meupe usimwamini haraka, mwenye meusi mara nyingi ndiye mwenye huruma, mwenye bawa moja ametengwa na wenziwe, na karibu wote mabawa yaliwatoka kwa maumivu, hakuna aliyeyaomba. Zamzam anasema mabawa ni uhuru, basi, na wanaume ndio wanaopewa kwa sababu wanaume ndio wanaokwenda watakako. Mimi sioni hivyo. Yuko mmoja ninayempenda kuliko wote, mabawa yake anayaficha ndani ya koti, hawezi kuegemea ukuta wenzake wakipiga soga, hawezi kulala chali, na tangu hadithi ianze hajaruka hata siku moja, watu wakimpigia kelele anayafunua tu akajifunika nayo kama mtu aliyeingia ndani na kufunga mlango. Nikimwangalia yule naona kama kuna mtu anayenijua.

Basi kulikuwa na harusi ya jirani, Zamzam alikuwa akimsaidia mama yake kuwapaka wanawake hina, akabakisha piko, ile rangi nyeusi, nami nikamwomba anichoree mabawa mgongoni, kwenye mafupa ya mabega, yaliyokunjwa kama ya yule kijana. Wewe ni wa pwani, unajua kwetu piko la kujipamba ni la mwanamke aliyeolewa, msichana akionekana nalo ataulizwa anampambia nani, kwa hiyo nilijua nafanya jambo la kuficha, lakini nilijiambia mgongoni nani ataona. Zamzam ana mkono wa kuchora, alichora unyoya kwa unyoya. Nilikwenda shule na madrasa nikiwa nayo chini ya nguo na hakuna aliyejua, na siku zile nilijisikia vizuri sana.

Kisha nikapata kikohozi, mama akaja kunisugua mafuta, nami nikasahau kabisa, akapandisha nguo yangu na mkono wake ukasimama. Hakupiga kelele. Aliuliza polepole, "Mwanangu, haya umeyapata wapi?" Nikavuta nguo ishuke. "Ni nani aliyekutia?" Sikujibu kwa sababu nilimwogopea Zamzam, na kusema kweli hata ningetaka kujibu ulimi ulikuwa mzito. Mama akaanza kusoma Ayatul Kursi na kunipulizia. Asubuhi akaja Shangazi Radhiya, akaonyeshwa mgongo wangu, nikamsikia anasema, "Huyu ni jini mahaba, ametia alama yake. Humuoni mtoto anavyokaa peke yake? Humsikii anavyocheka chumbani na mtu hayuko?" Bi Khairiya, nilikuwa nacheka na simu. Lakini sikusema.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Kabla ya haya yote niliposwa. Aliyeniposa ni Taufiq, mtoto wa ami yangu, ndugu wa baba, anaendesha boti ya wageni kule Ras Kitau, si mtu mbaya, ana adabu, sina la kumsema. Baba yangu yuko Kizingitini kwa biashara ya kamba wa baharini, huja nyumbani mwisho wa wiki, na yeye alisema hana neno mradi mwenyewe niridhie. Aliyetumwa kuniuliza ni Shangazi Radhiya. Aliniuliza mbele ya wanawake waliojaa sebule, nami nikainamisha kichwa nikashindwa kutoa neno, na kwetu msichana akiulizwa hivyo akanyamaza huhesabiwa amekubali, shangazi akainuka na furaha yake, "Amenyamaza, karidhia." Sikuridhia. Nataka kumaliza shule kwanza, na baada ya shule sijui, ila nataka niulizwe upya. Nikaha ikapangwa likizo ya Desemba.

Mama alipoyaona mabawa, mambo yakasimama. Jamaa za Taufiq wamesema watangoja mpaka nisomewe Qurani nipone. Ndipo nikaona kwamba mabawa yale yamenifunika kweli, kama yanavyomfunika yule kijana, na piko lilipoanza kufifia nilimwomba Zamzam apite tena juu ya mistari ile ile, naye akapita. Hilo ndilo ninalokiri kwako, Bi Khairiya. Mwanzo nilinyamaza kwa hofu, lakini mara ya pili nilijua ninachofanya. Na mama sasa anafunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili yangu, anakonda, na Alhamisi hii jioni mwalimu anakuja nyumbani kunisomea mbele ya jamaa wote. Nikisema kweli, posa itarudi. Nisiposema, nitakuwa msichana wa jini mpaka nizeeke. Na jingine ninaloliogopa, kwenye Qurani wenye mabawa ni malaika, je, nimekosea kumpenda kijana wa kuchorwa mwenye mabawa? Nifanye nini?

Mwenye Haya, Wiyoni

BI KHAIRIYA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeitanguliza barua yako mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Alhamisi. Nilicheka mahali pamoja tu, pale jini alipokuwa simu. Kwingine sikucheka.

Kwanza nilimwita mpwa wangu Yassir anionyeshe hao vijana wako. Akaniambia, "Shangazi, wewe utasinzia hata wimbo wa mwanzo haujaisha." Sikusinzia. Nimeona wawili watatu, na wewe umesoma vizuri kuliko Zamzam. Kijana mwenye mabawa mle ndani kila mara ni mtu aliyebebeshwa jambo na wakubwa, wakamwambia umeteuliwa, na hakuna aliyemuuliza anataka nini. Sishangai umempenda. Kumpenda mtu wa kuchorwa kwa sababu amebeba mzigo unaofanana na wako sioni kwamba kumekutoa kwenye dini yako. Swali la malaika na picha si langu, mpelekee mwalimu wako wa madrasa, na umuulize wewe mwenyewe kwa mdomo wako, itakuwa mazoezi.

Lakini sasa nisikilize. Umeniandikia habari za mabawa meupe, meusi na la upande mmoja, na neno "sikuridhia" umelitia katikati ya barua kama kitu cha kupita njiani. Hilo ndilo neno la barua nzima. Ulilikosa sebuleni, ukalikosa mama alipokushika mgongo, na kila ulipolikosa mtu mwingine alikutilia neno lake. Shangazi yako alisikia ndiyo. Mama yako alisikia jini. Usiwalaumu, walikwenda kwa mila waliyoikuta. Mila hiyo iliwekwa kumstahi msichana mwenye haya asilazimishwe kutamka. Haikuwekwa kumnyima njia ya kukataa.

La piko la pili nitakugombeza. Mama yako yuko na njaa mchana kutwa kwa ajili ya ugonjwa unaoupaka wewe. Taufiq anangoja kwa nia njema huku watu wakimhadithia mchumba wake ana mume wa kijini. Na wewe unadhani umejificha, kumbe ndani ya mji mdogo kama wenu jina hilo litakufuata hata ukishazeeka, na siku utakapompata unayemtaka, mamake atalikumbuka. Mabawa hayo yamekupa nafasi ya kupumua, nakubali. Hayatakupa zaidi ya hapo.

Na hofu yako kwamba ukisema kweli posa itarudi haina miguu. Baba yako ameweka sharti moja, uridhie. Hujaridhia, basi posa hiyo haijakubaliwa bado, iwe kuna jini au hakuna. Isitoshe, sheria ya nchi hii haimruhusu msichana aliye chini ya miaka kumi na minane kuolewa, awe amenyamaza au amesema. Wakubwa wakishikilia Desemba baada ya kukusikia, nenda kwa mwalimu wa ushauri hapo shuleni akupeleke kwa afisa wa watoto. Sidhani utafika huko. Mzazi anayefunga kwa ajili yako atakusikia.

Usingoje Alhamisi jioni, mbele ya jamaa hutaweza, tunajuana. Zamzam mwache nje ya maneno yako ya kwanza, yeye na mama yake watamalizana wenyewe. Wala kisomo usiombe kifutwe, kusomewa Qurani hakumdhuru mtu, ila mwalimu aambiwe kweli kabla hajaketi, aisomee nyumba yenu dua. Baba akija, mama ndiye amfikishie neno lako, na baba ndiye wa kumjibu ndugu yake. Shangazi ataona haya kidogo, itampita. Piko liache lififie, usilisugue mpaka ukajichuna.

Kesho baada ya alasiri chukua kitana na mafuta, keti chini mbele ya mama yako, umwombe akusuke. Wewe utakuwa umeelekea ukutani, yeye yuko nyuma yako, hakuna atakayemwona mwenzake usoni. Ngoja mpaka afike kwenye msuko wa pili, mikono yake isiweze kukuacha. Hapo useme, usiongeze wala usipunguze: "Mama, mgongoni ni piko, nililitaka mwenyewe. Na mimi sikuridhia kuolewa, nataka nimalize shule." Sauti ikitoka ndogo, irudie. Unayo, ile unayomsomea Zamzam.

Kisha ngoja. Atakalolisema silijui, anaweza akakufokea, anaweza akalia. Lakini atakuwa anakujibu wewe.