Mugongo ya Papa Bauma

Siku ya posho, Jumamosi, magaribi

Kamarade Masikio, naandika mbio mbio, vumilia maandiko yangu.

Leo kwa bariyeri, pale wanafunga njia, komanda wa wale wenye bunduki alitusimamisha, miye na Papa Bauma, shemasi wetu, na mifuko yetu ya maharagi. Akauliza nani anaendelea kusali wakati yeye alishafunga kanisa. Nikaruka mbele, si unanijua: "Ni miye! Yesu njo Bwana, hauwezi kumufunga!"

Nikangojea fimbo. Nilikuwa hata na furaha.

Komanda akacheka. "Petit, kijana mudogo hivi, iko na kinywa tamu! Muzee, lala chini." Kumbe ni Papa atapigwa. Akanigeukia na kunichekelea: "Sema tena, pasteur. Kila ukisema, yeye anakula fimbo."

Papa akapaza sauti mu matope: "Sema, mutoto yangu!"

Nikasema tena. Fimbo ikashuka, ngozi ikapasuka, maaskari wakapiga makofi sawa vile kwa mupira.

"Tena?"

Nikanyamaza.

"Ona, Mungu yake ameisha!" Wakatuachilia, maharagi ikabakia kwao.

Nilifikiri nimemuokoa. Sasa amelala kifudifudi, Mama, muke wake, anamupanguza damu na maji ya chumvi, na hataki kuniangalia miye. Mu njia alisema tu: "Mugongo ilikuwa yangu. Nani alikutuma kuihurumia?"

Komanda ametuma mutu: kesho anatuita tena sisi wawili, atauliza lile swali mbele ya watu wote wa soko. Papa ameshaitika kwenda. Fimbo ya kesho itamuua, naona vile anapumua.

Kamarade, weye ungesema?