Kwenda Kusomea Hadithi

Jumatatu, 25 Agosti

Haya Mpekuzi, umeshafungua daftari la mtu bila ruhusa, basi kaa usome. Umeme umekatika tena asubuhi. Mashine kimya. Akina mama kwenye foleni wakasonya, watoto wao wakashangilia. Mjomba Aloyce, mwenye mashine, akanitazama kama vile nimekata waya mimi.

Watoto kushangilia, hilo kosa langu kweli. Mimi ndiye opereta hapa Mlabani, Ifakara, nakoboa mpunga wa watu, na umeme ukikatika sina kazi. Zamani nilikuwa nasoma. Kidato cha tano na cha sita nimevisoma juu ya magunia haya haya, bila mwalimu, nikaenda kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikafaulu. Sasa sina cha kusoma, kwa hiyo nawapigia stori watoto waliokuja na mama zao. Wanakaa juu ya lundo la pumba. Umeme ukirudi naacha pale pale, nawasha mashine. Ndiyo maana watoto wanaomba giza mchana.

Majibu ya vyuo bado. Naangalia simu kila dakika. Najichosha bure.

Jumatano, 27 Agosti

Stori ya leo imenoga mpaka nimeogopa mwenyewe. Matilda kamwacha mdogo wake, Kito, juu ya kichuguu. Mafuriko pande zote. Kachukua mtumbwi aliokatazwa kuugusa, anavuka Kilombero kutafuta moto wa kupikia. Katikati ya mto kiboko kaibuka. Mtumbwi umepinduka. Hapo hapo umeme ukarudi, nikakimbilia mashine.

Kuna katoto kamoja, Yusta, kalikuja na mama yake kutoka Masagati, kule mbele ya Mlimba. Kamekataa kuondoka. Fuso inapiga honi, mchele umeshapakiwa, kenyewe kameng'ang'ania nguzo ya banda. Mama yake akakabeba kanalia. Nikakapungia mkono. Nilijisikia msanii mkubwa.

Ukweli ni kwamba hata mimi sijui Matilda anatokaje majini. Huwa nabuni tu nikienda.

Jumatano, 3 Septemba

NIMECHAGULIWA. Mara mbili! Nimeruka mpaka nikakanyaga chenga za mchele wa watu.

Chuo kimoja, ualimu. Kingine, Kiswahili na fasihi, na ndani yake kuna fasihi ya watoto na vijana. Yaani watu wanakaa darasani chuo kikuu wanasoma vitabu vya watoto. Sikujua kama kitu hicho kipo mpaka nilipoperuzi mwongozo wa udahili mwezi wa saba. Nikaomba haraka kabla sijabadili mawazo.

Ukichaguliwa vyuo viwili lazima uthibitishe kimoja. Unaletewa namba ya siri kwenye simu, unaiingiza, imeisha. Mwisho Jumapili tarehe 21. Nataka fasihi. Naiogopa.

Ijumaa, 5 Septemba

Tumekaa kifamilia nyumbani. Mjomba kaongea kwanza, ndiye mkubwa tangu baba afariki.

"Bibi yako kazitoa hizo hadithi bure mpaka kafa. Leo wewe unaenda kuzisomea miaka mitatu?"

Wakacheka wote. Hata mimi. Halafu nikakasirika.

Mama hakucheka. Akataka kujua nitafanya kazi gani. Nikamwaga zote: mhariri, mwandishi, maktaba, vipindi vya watoto redioni, miradi ya vitabu vya shule. Akauliza nani hapa Ifakara anafanya hizo. Nikatafuta jina. Hakuna.

"Watoto hawana mfuko, Kasian. Nani atakulipa?"

Nikamtaja Shukuru, jirani yetu. Kamaliza ualimu miaka mingapi, mpaka leo anaendesha bodaboda, anasubiri ajira. Nilijua hapo nimemaliza. Mama akasema taratibu, "Anasubiri, ndiyo. Lakini kila mtu anajua anasubiri nini."

Nikamgeukia Mjomba.

Mjomba kamalizia: ualimu atanishika mkono mpaka nimalize. Hadithi, nijitegemee, na opereta mwingine anamtafuta mapema.

Jumamosi, 13 Septemba

Mang'ula. Shukuru ndiye kanielekeza. Kuna dada anaitwa Salome, walikuwa chuo kimoja, yeye alichukua hiyo fasihi. Nikasema huyu ndiye jina la kumpelekea mama.

Siku za kazi anafundisha chekechea ya watu binafsi. Jioni na mwisho wa wiki anahariri miswada ya watoto ya mchapishaji wa Dar, mkataba ukiisha anasubiri mwingine. Kanionyesha kitabu, jina lake liko ndani, kwa herufi kama sisimizi. Mimi nikashangaa kama nimeonyeshwa dhahabu. Yeye akaendelea kumenya ndizi.

Hakunidanganya. Baada ya kumaliza alikaa muda mrefu bila chochote. Wenzake wengine wanafundisha, mmoja yupo redioni, mmoja alipata mradi wa vitabu ukafungwa. Wengi wanafanya mambo mengine kabisa. Akasema asingeniambia niende wala nisiende.

Nikampa asome stori ya Matilda niliyoiandika kwenye simu yangu. Alisoma yote, hakuinua kichwa. Akauliza inaishaje. Mwisho nilikuwa nimeshaupata kwenye basi, nikamwambia kwa kujiamini: mamba anamla, kwa sababu alikatazwa mtumbwi akashika.

"Wewe unamwandikia mtoto au unamchapa?"

Nimemchukia njia nzima mpaka nyumbani.

Jumanne, 16 Septemba

Imepigwa namba yangu, ile iliyoandikwa ukutani pa banda. Mama Yusta, wa Masagati. Anaomba samahani kwanza, halafu anacheka, halafu anasema mtoto anamsumbua kila siku, yule Matilda katokaje majini? Nimalizie, naomba kaka, apumzike.

Nimetoka nyuma ya banda kukimbia kelele za mashine. Yusta kakaja kwenye simu, kakasema shikamoo. Nikakapa mwisho wangu wote: katazo, mamba, na funzo juu, watoto wawatii wazazi.

Nikasubiri kaseme asante.

"Hapana," kakasema. "Sasa Kito atapikiwa na nani?"

Mama yake kachukua, kanieleza kwa aibu kwamba msimu wa kilimo analala kule shambani, na Yusta ndiye anabaki nyumbani na mdogo wake. Anampikia. Ana miaka minane.

Nikasema nitapiga. Nikarudi kwenye mashine, nikamwaga mpunga wa mtu chini.

Najisikia mjinga. Salome aliniambia, nikamchukia. Katoto kananiambia kitu kile kile, sina wa kumchukia.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeandika miisho mitatu. Wa kwanza helikopta inakuja. Wa pili malaika. Wa tatu Matilda anaamka, kumbe ndoto. Takataka zote.

Kuanza naweza. Kuwakalisha watoto kwenye pumba naweza. Kumaliza bila kumwongopea mtoto wala kumchapa, siwezi, na hapa mashineni hakuna wa kumuuliza. Kidato cha sita nilikuwa na madesa, notisi nilizoazima kwa watu. Kwa hili hakuna desa.

Nimemtumia Salome meseji ndefu mno. Kajibu kwa kifupi: "Chuoni hapo ndipo tulipokaa mwaka mzima."

Nimeisoma mara nyingi.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimepiga Masagati asubuhi kabla foleni haijajaa. Matilda kashika mtumbwi uliopinduka, maji yakamsukuma mpaka kwenye matete ya upande alikotoka. Moto hakuupata. Karudi kwa miguu kupitia njia ya juu, maji yamepungua, jua linazama, Kito bado yuko kwenye kichuguu, amekasirika. Wakala miwa waliyoikuta imeangushwa na maji. Basi.

Nikangoja. Nasikia kanapumua.

"Halafu?"

Nikasema sijui.

"Haya. Ukijua upige."

Nimekaa juu ya pumba nikacheka peke yangu, halafu nikaingiza ile namba ya siri. Fasihi. Ujumbe wa kuthibitishwa ukarudi mara moja, hakuna kugeuka.

Nimemwambia Mjomba kabla hajasikia kwa watu. Hakugomba. Kasema opereta mpya anaanza Jumatatu, nimfundishe vizuri, asije akamvunjia chekeche la mashine. Ningependa angegomba.

Mama nimemkuta uani anachagua mchele kwenye ungo. Nimemwambia nimesimama.

"Umeshabonyeza?"

Nimeshabonyeza.

"Basi," akasema. Akaendelea kuchagua. Hakutoa jiwe hata moja muda wote ule niliosimama pale.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani. Jua kali. Nje baada ya misa Mama Deo, wa jumuiya yetu, katusimamisha. Kasikia nimepata chuo. Kampa mama mkono, kauliza kijana anakwenda kusomea nini.

Mama kasema, "Ualimu."

Kasema moja kwa moja, hakusita. Mama Deo kafurahi kweli. Kasema hicho angalau ni kitu, akanigeukia, akaniita mwalimu. Nikatabasamu. Sijui kwa nini nilitabasamu.

Mama hakunitazama. Njiani kazungumzia godoro la kwenda nalo, na shuka, na kwamba baridi ya huko siijui. Kauliza kama chuoni wanaruhusu kuchukua mchele wa nyumbani. Nikasema wanaruhusu. Kasema basi atanichagulia ule wenye harufu nzuri.

Sina hasira. Nimeumia kidogo, na kidogo namwelewa. Mbele ya watu alihitaji neno ambalo haliulizwi swali la pili, na mimi hilo neno sikumpa. Nilikuwa na nafasi. Sentensi moja tu ingetosha. Nikanyamaza, nimeshika kitabu cha nyimbo.

Tumekula. Amelala mchana. Mimi niko hapa kibarazani na daftari.

Ungekuwa wewe, umesimama pale karibu yake, ungemsahihisha?