Mchuzi wa Bata Mzinga Uliomegwa Tonge

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Kibaha hatujambo, babu yako anagombana na kuku tu.

Umeuliza mchuzi wa bata mzinga unatiwaje unga uwe mzito, maana Idi hii unawapikia wakwe. Idi yangu ya kwanza ukweni, Kisarawe, niliumimina unga kwenye mchuzi unaochemka, nikasonga kwa mwiko. Baba mkwe akamega tonge, akasifu: "Ugali mtamu, mwanangu. Mchuzi unakuja?"

"Unakuja," mama mkwe akamjibu upesi. Jikoni akakoroga unga kidogo kwa maji baridi, akautia kwenye supu iliyobaki, akaninong'oneza: "Mwaka nilioolewa na mimi nilisonga hivihivi. Aliniomba mboga."

Basi, anza na maji baridi. Ukiharibu, mtazame mama mkwe wako, achana na mwenye tonge.

Bibi yako.